Mkono wa Kushoto wa Mzee Olimpiki

Wasifu wa marehemu Jovinary Rwehumbiza (1948–2025), uliosomwa na binti yake wa kwanza, Kokulinda, makaburini Kiseke, Ilemela, tarehe 13 Februari 2025

Wakubwa, shikamooni. Waombolezaji wote, poleni. Kwenye ratiba mliyogawiwa wasifu wa baba una aya sita. Mimi nitasoma saba. Ya saba iliondolewa na kikao cha ukoo juzi, lakini marehemu aliniapisha niisome, na nimeshaapa.

Jovinary alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 huko Kamachumu, mtoto wa tatu wa Mzee Rwehumbiza na Mama Getruda, wakulima wa migomba na kahawa. Bibi alisimulia kwamba alianza kutembea akiwa na kijiti mkononi, na kuku wote wa kaya walimkoma.

Alisoma shule ya msingi hukohuko, kisha mwaka 1963 akaja sekondari hapa Mwanza. Shuleni palikuwa na mwalimu wa hesabu, mgeni kutoka ng'ambo, aliyeleta vitara viwili butu vya michezo, yaani panga nyembamba za kushindana, na vinyago viwili vya waya vya kukinga uso. Alichagua vijana wawili awafundishe: baba, na Taher, mtoto wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Mazoezi yalifanyika juu ya jiwe bapa ufukweni, hatua sita kwa urefu. Ukirudi nyuma mno, unaoga ziwani. Ndiyo maana baba hakujua kurudi nyuma, hata kwenye ubishi wa nyumbani. Sheria moja mwalimu aliikazia kuliko zote: aliyeguswa na kitara huinua mkono wa kushoto na kusema mwenyewe, "Nimeguswa," hata kama waamuzi hawakuona.

Mwaka 1971 aliajiriwa kuwa bwana samaki, kituo chake Nansio, na kazi hiyo aliifanya hadi alipostaafu mwaka 2008. Nyavu za macho madogo alizichoma hadharani. Hakupokea hata sato mmoja wa shukrani, na sisi watoto tulimlaumu sana kwa hilo.

Tarehe 22 Mei 1976, katika ukumbi wa shule yake ya zamani, baba na Taher walishindania nafasi moja ya kwenda Olimpiki ya Montreal. Mshindi ni wa kwanza kufikisha miguso mitano. Baba alishinda, mitano kwa minne, akavishwa medali. Julai nchi yetu ikajitoa pamoja na nchi nyingine za Afrika, na baba hakupanda ndege. Jina ndilo lililobaki: Mzee Olimpiki. Hata kituo cha daladala hapa Kiseke kinaitwa Kwa Olimpiki.

Mwaka 1978 alifunga ndoa na mama yetu, Immaculata, kanisani Nansio. Ndoa hiyo nusura isifungwe, maana miezi miwili kabla alikuwa amechoma wavu wa kaka yake mama, Mjomba Mashimba. "Shemeji, hata mimi?" Mjomba aliuliza. Baba akamjibu, "Samaki hawajui shemeji." Mungu aliwajalia watoto watano.

Mwezi Oktoba 2024 alipatwa na kiharusi, mkono wake wa kushoto ukapooza. Alilazwa mara tatu, na tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, akatutoka.

Sasa aya ya saba.

Siku ile ya mwaka 1976, wakiwa nne kwa nne, kitara cha Taher kilimgusa baba kwenye mkono wa kulia, juu ya kiwiko. Waamuzi wanne hawakuona. Taher alisimama, akasubiri. Baba hakuinua mkono. Mchezo ukaendelea, na mguso wa tano akaupata yeye. Kwa miaka arobaini na minane walikutana sokoni na misibani, wakasalimiana vizuri, na hakuna aliyelitaja.

Mkono ulipopooza, baba aliogopa. Aliniambia, "Koku, umekufa kabla haujafanya kazi yake." Desemba akanituma dukani kwa Mzee Taher. Mzee alikuja hospitali, akaketi. Baba akasema, "Taher, lile pigo lako tukiwa nne kwa nne lilinigusa."

"Najua, Jovinary. Nilikungoja useme. Siku ile ukumbi ulijaa watu. Leo tupo watatu." Akavaa kofia yake, akaondoka, na hakurudi.

Kwa hiyo baba aliagiza mambo mawili. La kwanza, haya yasomwe mbele ya watu. La pili, azikwe hapa Kiseke, asirudishwe kwenye kibanja cha baba zake Kamachumu, ili Taher asizuiwe na umbali. Najua hilo limewauma wengi. Baba mkubwa, Mzee Rutashobya, aliniambia kikaoni, "Maiti haisemwi. Unataka kumzika mdogo wangu mara mbili?" Baba mkubwa, nakuheshimu. Lakini mdogo wako ndiye aliyeomba. Aliyechoma wavu wa shemeji yake hakutaka kuzikwa huku wavu wake mwenyewe umefichwa.

Ameacha mjane, watoto watano, wajukuu kumi na mmoja, kaka yake, na Mzee Taher.

Ninapoandika haya Mzee Taher hajajibu taarifa ya msiba, wala sijui kama atakuwa miongoni mwenu. Mzee, kama upo, medali hatukuiweka kwenye jeneza. Ninayo hapa. Na kama hukuja, kesho asubuhi nitakuletea dukani, mbele ya wateja wako.

Wadogo zangu, sogeeni hapa kaburini kama tulivyokubaliana. Tuinue mkono wa kushoto, wote watano, na tuseme kwa sauti, mpaka wa nyuma kabisa wasikie: aliguswa.

Mkono wa baba umeinuka. Sasa na apumzike kwa amani.