Zamu ya Lemuel Kitini

Zunguka Harlem nzima. Ukipata kijiwe chenye vichwa vizito kuliko ngazi zile zinazotazamana na ukumbi wetu wa michezo, njoo unikate sikio. Hapo waigizaji hunywa kahawa kabla ya onyesho. Mchezo wao hauna maneno ya kukariri: wote ni watu weusi, kila jioni mmoja anapakwa unga usoni, anakalishwa kwenye kiti kirefu, anakuwa bwana mzungu. Atakaloamuru, wenzake watende. Jana bwana alikuwa Redio, jamaa asiyejua kufunga mdomo. Akamtambaza Lemuel kwa magoti huku anabweka, na Odessa, mke wa Lemuel, yuko safu ya mbele. Tangu hapo mama huyo hajamsemesha mumewe. Leo kiti ni cha Lemuel.

— Utanifanya nini, kaka? Redio akauliza.

— Utabweka mpaka koo liote sugu.

— Mimi sina kosa bwana! Ni ule unga. Unapenya ngozi, unapanda kichwani.

— Unga gani! akadakia Shemasi, mkusanya sadaka wa kanisa la jirani. Mimi nilipakwa kiduchu tu, na bado nilikulambisha kiatu. Tatizo ni kiti. Mbao zake zilitoka mahakamani, huko Kusini walikohukumiwa weusi.

— Basi mkalishe paka, kesho akudai kodi! akajibu Redio.

— Paka? Ukumbi ukiwa mtupu, kile kiti kinavituma viti vingine maji!

Lemuel hakucheka. Alikuwa anapanga: Redio abweke, kisha atambae hadi miguuni pa Odessa, aombe radhi. Hapo heshima itarudi nyumbani.

Dada mmoja aliyekuwa akisubiri nguo zake kwa dobi wa jirani akaomba nafasi ngazini. Akasikiliza weee, mwisho akasema:

— Samahanini, kaka zangu. Aliyekaa kitini anaamuru lolote?

— Lolote, dada! Shemasi akajibu kwa madaha.

— Na mmeanza lini?

— Tangu theluji iyeyuke.

— Sasa, yupo hata mmoja aliyewaamuru wenzake wawe huru, waende zao?

Redio akafunga mdomo. Shemasi akachungulia kikombe chake, kumbe kitupu. Ng'ambo mlango ukafunguliwa, Lemuel akaitwa akapakwe unga. Akavuka barabara, akampita Odessa kwenye foleni ya tiketi, na ile amri ya kumbwekesha Redio, aliyoipika mchana kutwa, hakuikuta tena mdomoni.