Luciana Mughwai wa Mungaa, Aliyekataa Kuandikwa kwa Herufi Moja

Ndugu, majirani na waumini mliofika, huyu tunayemzika leo Alhamisi, tarehe 10 Novemba 1960, ni Luciana, binti wa mzee Mughwai na mama Maria wa hapa Mungaa. Mlio nyuma mnaombwa msogee. Maisha yake si ya kusimuliwa kwa kunong'ona. Walionong'ona walishanong'ona vya kutosha.

Alizaliwa mwaka 1910, wakati wa mavuno ya uwele, mtoto wa kwanza kwa mama yake, akabatizwa tarehe 16 Aprili mwaka uliofuata. Alikuwa mtoto mnene, mwepesi wa kucheka, na kasoro yake ilikuwa moja tu: tangu siku aliyozaliwa hakukauka. Watoto wote hulowa, halafu hukua wakaacha. Luciana alifika umri wa kuchunga ndama, akafika umri wa kuchota maji, na nguo yake bado ililowa mchana na usiku, tone kwa tone, kama mtungi wenye ufa. Watu wakasema hawezi kujizuia. Hapo ndipo walipokosea, na walikosea kwa miaka ishirini na minane. Luciana alijizuia vizuri sana. Alikwenda haja ndogo kwa wakati wake kama watoto wenzake, akarudi, na bado aliendelea kulowa. Mama Maria aliliona hilo, akamwambia kila aliyeingia uani kwake. Hakuna aliyemsikiliza. Shangazi mmoja aliagiza mtoto asipewe maji tangu jua linapovuka utosi, na kwa miaka miwili Luciana aliishi na kiu. Akalowa vilevile.

Mwaka 1922 alianza kusoma kwa katekista. Wenzake walipolalamika kwamba benchi linanuka, mwalimu alimwambia asimame. Baadaye akamwambia asimame nje, karibu na dirisha. Siku moja mwalimu aliuliza swali, darasa zima likanyamaza, na jibu likatoka nje.

"Nani amejibu?" akauliza mwalimu.

"Dirisha, mwalimu," akasema Luciana.

Mwalimu alicheka mpaka akashika meza. Lakini hakumwita ndani. Hivyo marehemu alijua kusoma na kuandika kwa kusimama, na jua likimpiga mgongoni. Mdogo wake, Magdalena, hakupelekwa shule kabisa. Wazee walisema nyumba moja isiaibike mara mbili.

Mwaka 1928 aliolewa katika nyumba moja ya Issuna ambayo haitatajwa, maana wenyewe wanajijua. Alikaa miezi minne. Mwezi wa tano mama mkwe alimrudisha kwa miguu, akiwa amejitwika ngozi aliyoilowesha Luciana usiku, akaikunjua mbele ya watu kama shahidi kwenye baraza. Mzee Mughwai alirudisha ng'ombe wote, na mmoja aliyekuwa amezaa alirudishwa na ndama wake. Mwaka 1933 Magdalena naye alichumbiwa, ng'ombe wakafika, kisha wakaja wazee wawili kuwachukua. Walisema, "Ukoo huu una maji." Baadhi ya waliosema hivyo wamefika leo, na wamekaa kivulini. Karibuni. Chakula kipo.

Mwezi Juni 1938 ilisikika habari kwamba katika hospitali ya misheni yuko mwanamke mzungu, watu wakimwita Mama Daktari, anayewaponya wanawake waliochanika katika uzazi wakawa hawashiki mkojo. Luciana na Magdalena walitembea siku mbili, mmoja amebeba nguo, mwingine amebeba unga. Mama Daktari alijua Kiswahili. Alipouliza, mhudumu wake Dorkas alisimama kando akisikiliza.

"Umezaa mara ngapi?"

"Sijazaa, Mama."

"Mimba zilizoharibika?"

"Hakuna."

Dorkas akainama sikioni mwa Luciana. "Dada, sema ukweli. Hapa si kwa padri."

"Ningekuwa na la kuungama ningekwenda kwa padri," akasema Luciana. "Padri yuko karibu na kwetu. Nisingetembea siku mbili."

Mama Daktari alikuna kichwa. Ugonjwa wa uzazi kwa mtu asiyezaa hakuujua. Basi akampa vitambaa vyeupe vilivyokunjwa, avivae kwa zamu usiku na mchana, na kila akibadilisha kimoja akiweke katika beseni chini ya kitanda. Asubuhi vingepimwa kwenye mizani ya dawa, ijulikane ni maji kiasi gani yanayopotea. Siku ya kwanza beseni lilikutwa na vitambaa vikavu, visafi. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu vilikuwa vyeupe kuliko vilivyotoka kabatini. Mama Daktari akaandika kwamba mgonjwa havuji, arudi kwao Jumamosi.

Magdalena alikuwa anatafuta kuni nyuma ya jiko alipoviona vitambaa vingine vimeanikwa juu ya kichaka, vimepangwa kwa usawa kabisa.

"Dada, umefua?"

"Ulitaka nimwachie mgeni nguo za namna ile? Azikute asubuhi, azishike kwa mkono wake? Mama Daktari angenionaje?"

"Angekuona mjinga! Jumamosi unarudishwa nyumbani kwa sababu ya usafi wako. Wameandika huna ugonjwa."

Luciana aliketi chini palepale kwenye vumbi. Mwanamke yeyote wa hapa aliyelelewa na mama yake angefanya vile. Nguo ya siri huachi ikaonwa na mtu. Lakini sasa alielewa alichokifua. Alikuja hospitali akiwa mgonjwa. Akirudi Mungaa na maneno yale, atakuwa mwongo, na mwongo hana dawa.

"Mimi siwezi kumwambia," akasema. "Nitakufa kwa aibu."

"Kaa ufe polepole," akasema Magdalena, "mimi nakwenda kusema."

Akaenda, akasema, mbele ya Dorkas na wagonjwa wawili. Mama Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Alipomaliza kucheka alikwenda mwenyewe mpaka pale kwenye kichaka, akachuchumaa mbele ya Luciana, akamwomba radhi. Alisema alitoa agizo bila kuuliza linampata nani. Luciana alikubali kuviacha vitambaa, kwa sharti moja: beseni lifunikwe ungo, na Dorkas asipite nalo mbele ya wanaume. Kesho yake mizani iliinama. Ndipo Mama Daktari akauliza tena, taratibu, na ndipo alipoyasikia maneno ya mama Maria: kwamba huyu huenda haja kama watu wote, na bado hulowa.

Aliposikia hivyo hakukaa. Alichukua dawa ya buluu, akaitia kwenye kibofu cha Luciana kwa mpira mwembamba, akamvalisha kitambaa cheupe, akamwambia, "Sasa tembea." Luciana alizunguka uwanja wa hospitali tangu saa tatu mpaka saa tano, wagonjwa wote wakimtazama kama mbuzi wa mnada. Mmoja akauliza, "Huyu anatafuta nini?" Magdalena akajibu, "Anatafuta jina la ugonjwa. Lako wamekwisha kulipata?"

Kitambaa kilipotolewa kilikuwa kimelowa chepechepe, na hakikuwa na hata doa la buluu. Dorkas akahuzunika. "Pole, dada. Dawa imeshindwa."

Lakini Mama Daktari alikitoa kitambaa kile nje juani, akakigeuza, akakigeuza tena, akaanza kuita watu wote, mpaka mpishi akaja na mwiko mkononi. Maji ya kibofuni yalikuwa buluu, haya yalikuwa meupe. Basi haya hayakutoka kibofuni! Akachora chini kwa kijiti. Figo la mtu lina mrija mmoja unaopeleka maji kibofuni. Luciana, kwa jinsi Mungu alivyomuumba, upande mmoja alikuwa na mirija miwili. Mmoja ulifika kibofuni. Wa pili ulipotea njia, ukatokea nje, mahali pasipo na mlango wa kufunga. Alisema katika miaka yake yote ya udaktari alikuwa ameusoma ugonjwa huo vitabuni tu.

Luciana aliutazama mchoro kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa najizuia?"

"Siku zote," akasema Mama Daktari. "Siku zote ulijizuia."

Alikuwa hajalia Issuna, wala hajalia dirishani. Siku hiyo alilia, na alipokwisha kulia alicheka.

Alisafirishwa kwa lori mpaka Dodoma kupigwa picha, na mrija uliopotea ukaonekana upande wa kushoto. Tarehe 9 Agosti 1938 Mama Daktari alimpasua, akaondoa kipande kidogo cha juu cha figo pamoja na mrija wake, akaliacha figo lililobaki lifanye kazi. Kulipopambazuka siku ya tatu Luciana alipapasa shuka chini yake, akapapasa tena, akamtikisa mdogo wake aliyelala sakafuni.

"Magdalena, nimekufa?"

"Wafu hawaombi uji mara mbili. Lala."

Kabla hawajaondoka, Mama Daktari aliwaambia anataka kuandika habari hii kwa madaktari wenzake wa ng'ambo, ili wakikutana na msichana kama huyu wasimwite mchafu. Angeandika, "L., mwanamke wa miaka ishirini na minane." Akaeleza kwamba ni desturi yao, kwa heshima, mgonjwa asijulikane.

"Mama," akasema Luciana, "walinicheka kwa jina langu lote. Sasa nipone kwa herufi moja?"

Walibishana siku nzima. Mwishowe walikubaliana kwamba ng'ambo iende hiyo herufi, lakini papo hapo iandikwe karatasi ya Kiswahili yenye jina lake, la baba yake na la kijiji chake, ikieleza ugonjwa ulikuwa nini na kwamba umekwisha. Jumapili karatasi hiyo ilisomwa mbele ya watu wote hapa Mungaa, na aliyeisoma ni yule yule katekista. Alipofika mwisho alikosa pa kutazama, akatazama dirishani. Luciana alikuwa amekaa benchi la mbele, na mama Maria alikuwa anapiga vigelegele kabla ya wakati wake.

Mwaka 1939 alirudi hospitali, safari hii kwa kazi, akawa mhudumu wa wodi ya wanawake kwa miaka ishirini na moja. Alileta taratibu mbili. Beseni la mgonjwa hufunikwa. Na kabla ya kumpima binti, mama yake aulizwe kwanza, na asikilizwe mpaka amalize. Kwa utaratibu huo walipatikana wengine wawili wenye mrija kama wake: msichana wa miaka tisa kutoka Nduguti mwaka 1947, na mwingine mwaka 1955. Wote wawili wamefika, na wote wameolewa.

Tarehe 12 Februari 1940 alifunga ndoa na Andrea Kefa, mwashi aliyejenga ukuta wa hospitali, aliyekuwa amefiwa na mke. Andrea alipokuja kuposa, mzee Mughwai alimwambia waziwazi, "Kijana, ng'ombe wakirudi tena, mimi siwafungulii zizi."

"Mzee," akasema Andrea, "ng'ombe wangu hawajui njia ya kurudi."

Hawakurudi. Mungu aliwajalia Antipasi mwaka 1941 na Dina mwaka 1944.

Mwezi Septemba mwaka huu alianza kukohoa, kisha ikawa homa ya mapafu. Alitibiwa na wale wale aliofanya nao kazi, na hakuacha kuwasahihisha. Siku zake za mwisho nyumba ilijaa. Wageni walipotaka kusimama mlangoni kwa heshima, aliwaita ndani wakae kitandani pake, mpaka Andrea akalalamika kwamba mgonjwa atakosa pa kulala. Alifariki Jumanne, tarehe 8 Novemba, saa nne asubuhi, watu wakiwa wamemzunguka.

Ameacha mume wake Andrea. Watoto wake Antipasi na Dina. Mjukuu mmoja, Maria, mtoto wa Antipasi. Na mdogo wake Magdalena, ambaye hakuolewa, hakusahau, na leo ana furaha kuliko wote waliokaa kivulini. Ameacha na wanawake wengi, kutoka Issuna mpaka Nduguti, ambao leo wanakaa na wenzao bila kuangalia walipoinuka.

Mungu amlaze pema dada yetu, na amweke katikati ya watu.