Ukimya wa Friji ya Chanjo

Treni haijatoka stesheni, fundi wa kompyuta alikuwa ameshamweleza mama aliyeketi kando yake masaibu yake yote. Mimi, niliyekaa mbele yao, sikuulizwa kitu, lakini sikuziba masikio.

"Niliandika skripti, programu fupi tu, mama," alisema. "Kompyuta isome joto la friji ya chanjo pale hospitalini, likizidi nyuzi nane, ipige kengele. Kumbe waya wa kipimajoto umechomoka. Kompyuta ikawa inaletewa tupu, haipati namba yoyote, hata sifuri. Ikalinganisha tupu na nane, ikaona haijazidi, ikanyamaza. Chanjo zote zimeharibika."

"Wamekuita wakufukuze?"

"Wameniita nieleze. Nitaongeza mstari mmoja: ikiletewa tupu, kengele ilie."

Mama akacheka. "Ilie kila waya ukitikisika? Wauguzi wataizima kesho yake, mwanangu. Kimya kingine ni kimya tu. Binti yangu yuko mbali, wiki nzima hapigi simu, na mimi nalala usingizi wangu. Angekuwa na shida angesema."

"Ndivyo nilivyoiamini ile friji."

"Binti yangu si friji!" Abiria wawili waligeuka, mimi nilijifanya natazama nje.

"Hapana, mama. Lakini waya ukiwa umechomoka, angesemaje?"

Treni ikasimama stesheni iliyofuata. Mama alishuka bila kumuaga. Kupitia dirisha nilimwona amesimama palepale, watu wakimpita huku na huku, simu sikioni. Akaishusha, akaitazama, akapiga tena.