Mama Kaa Kwanza na Kikao Alichokikosa

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mama Kaa Kwanza anastaafu rasmi. Miaka tisa alifundisha jiografia. Iliyobaki aliitumia katika stoo ya michezo akiwasikiliza wanafunzi wa madarasa ya juu, na wengi wetu tulidhani anajificha.

Kazi hiyo hakuiomba. Hapa kwetu, kazi isiyopendwa hupewa mwalimu asiyekuwepo kikaoni. Siku ya kumtafuta mshauri wa wanafunzi wakubwa, yeye alikuwa langoni akimbembeleza kijana wa mwaka wa mwisho asiache shule. Aliporudi, kikao kilikuwa kimekwisha na jina lake liko ubaoni. Tulimpigia makofi, kila mtu akishukuru kimoyomoyo kuwa si yeye.

Alipewa stoo iliyonuka mipira chakavu, kiti kimoja na ahadi ya taa. Kiti aliwaachia wanafunzi, yeye akakalia kreti la jezi. Kila aliyeingia akifoka aliambiwa akae kwanza, ndipo jina likamganda. Tulimpelekea kila aliyetushinda: watoro, wakorofi, na binti aliyechaguliwa udaktari na baba yake ilhali anazimia akiona damu. Tukamsema kwamba anawachelewesha vipindi. Siku za mahafali, sisi ndio tuliojipanga mstari wa mbele kwenye picha.

Malaika hakuwa. Mafaili yake yalikuwa fujo tupu, na mwaka mmoja alituma fomu za darasa zima kwenye chuo cha mapishi. Wawili walipokelewa, na mmoja akagoma kurudi. Taa nayo ilifika mwaka wa kumi na moja, wakati uongozi ungali unajadili. Fundi umeme aliyeifunga, bila kutumwa na yeyote, alikuwa yule kijana wa langoni.

Mwezi uliopita kiliitishwa kikao cha kumtafuta mrithi wake. Mahudhurio yalivunja rekodi: mwalimu wa fizikia alikatiza likizo ya ugonjwa, akaja na magongo. Aliyekosekana ni mimi, niliyetumwa kwa mpiga chapa kuulizia karatasi za ratiba hii ya sherehe ya kumuaga. Nasikia makofi yalikuwa marefu.

Nilikasirika, sifichi. Nilienda stoo kumwambia kwamba sitaki. Alinikalisha kitini, akanisikiliza mpaka maneno yakaniishia, wala hakunibishia hata moja. Nilipoinuka, mlangoni alisimama msichana wa mwaka wa mwisho, macho mekundu, akisubiri zamu yake. Mama akanisogezea kreti, akachukua mkoba wake na kutoka.

Mama, asante kwa miaka yote tuliyokucheka. Nenda nyumbani, upumzike vizuri, na kwa mara ya kwanza unywe chai yako ikiwa bado ya moto. Kreti lina mtu.