Mzee wa Glasi Hakuwa Amelewa

Wazee wetu, mama mkwe wangu, mawifi na mashemeji, majirani, wafanyakazi wenzake wa gazetini, na ninyi wenye baa mliowahi viti vya mbele na miwani yenu myeusi, naomba mnisikilize. Karatasi hii si ile aliyonipa baba mkubwa asubuhi nimsomee kwa sababu macho yake hayaoni vizuri, ile iko kwenye mkoba, ina nusu ukurasa na inasema marehemu alipenda watu na watu walimpenda, basi. Hii nimeiandika mwenyewe jana jikoni, nimeegemea mfuniko wa ndoo, na ninaisoma hapa kwa sababu historia ya marehemu haikatizwi, hata aliyekasirika husubiri ifike mwisho, na mimi sina mahali pengine ambapo nitasikilizwa mpaka mwisho.

Saa kumi leo, tukitoka makaburini, familia inakaa kikao kuamua mtoto wetu alelewe na nani. Sikualikwa, nilisikia nikiwa nyuma ya dirisha naanika nguo, wifi yangu mkubwa anasema, "Mtoto wa miaka miwili anabebwa mgongoni kupelekwa baa, kila Jumatano, kila Alhamisi, watu wanamwona! Baba kafa na ulevi, mama yuko njia hiyo hiyo, mtoto tunamchukua." Basi kabla hamjamchukua, sikilizeni.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 Juni 1983, katika hospitali ya serikali, ile wodi ya wazazi yenye ngazi za nje, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi saa aliyekuwa na meza ya kioo kwenye kibaraza cha duka la vitambaa. Alipofika miaka sita baba yake alimfunga macho kwa kitambaa, akampangia saa tano za mkono, akamwuliza, "Ipi mgonjwa?" naye akainama, akasikiliza moja moja, akaigusa ya tatu, na kweli ilikuwa inachelewa. Masikio yake yalikuwa ya namna hiyo. Mama mkwe ndiye aliyenisimulia, tukichambua mchele, anacheka mpaka anashika mbavu, kabla hajaacha kuongea na mimi.

Alisoma shule ya msingi ya jirani na kiwanda cha sabuni kuanzia mwaka 1991 hadi 1997, akaendelea na sekondari ya kutwa kuanzia 1998 hadi 2001, ambako alikuwa mpiga ngoma wa gwaride, hisabati ikamkataa, Kiswahili kikamkubali, akatoka na daraja la tatu na suruali moja.

Tarehe 3 Machi 2003 aliajiriwa gazetini kusahihisha makosa ya wenzake, chumba cha chini, taa mchana kutwa, na tarehe 7 Julai 2006, siku ya Ijumaa, alikabidhiwa ukurasa wake mwenyewe, ule wa kuwaambia watu wa mji huu waende wapi wakasikilize bendi ikipiga laivu na wapate kinywaji. Kila baa aliipa glasi, kuanzia moja mpaka tano, na hapo ndipo mlipomwita Mzee wa Glasi, kijana wa miaka ishirini na tatu. Alikuwa na utaratibu wake mmoja ambao hakuuvunja, meza yake ilikuwa ile iliyobanana na spika kubwa, anasema muziki usipokupiga kifuani haujakufikia, na wahudumu walimwekea kiti hapo hapo kama mfalme, kumbe wanamweka mbele ya kinu cha kumsaga masikio.

Wenye baa, mmesema mengi tangu jana, acheni na mimi niseme, maana nimefika zote. Kuna yenu ya bustanini, nyuma ya stendi, inayojiita bustani kwa sababu ya mti mmoja uliofungwa taa na nyasi za plastiki, mwimbaji wake anaomba makofi kabla hajafungua mdomo. Kuna ya hoteli kubwa, kinywaji kinaletwa na kijikaratasi cha kufutia mdomo utadhani ni cheti, mpiga kinanda amevaa suti na anapiga wimbo ule ule tangu hoteli ifunguliwe, wageni wanamwita mahiri kwa sababu hawamsikilizi. Kuna ya juu ya duka la matairi, ngazi za chuma, bia ya vuguvugu, mlango wa choo umeshikiliwa na kamba ya gita. Mimi sinywi, harufu tu ya sakafu zenu, bia ya jana iliyosuguliwa kwa dawa ya leo, inanifukuza, na bado nimekaa kwenye viti vyenu mara nyingi kuliko wengi mliovaa fulana zenye picha yake. Sababu nakuja nayo.

Tulikutana mwaka 2018, nikiwa mchapaji katika duka la steshenari mkabala na ofisi yao, yeye hakupenda kompyuta, alileta ukurasa wake kwa mwandiko wa kalamu, namchapia, nikikuta sentensi mbovu namwambia, akikasirika anarudi kesho yake amekubali. Tulifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 2020, mimi nina miaka ishirini na mmoja, yeye thelathini na saba, mawifi wakasema nimemfuata kwa jina lake, jina lenyewe la glasi. Tarehe 3 Aprili 2022 Mungu akatujalia mtoto wa kike, huyu mnayemwona amelala begani kwa jirani yangu mshonaji.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, hapa ndipo karatasi ya baba mkubwa imeruka. Mtoto alikuwa akilia sentimita chache kutoka kichwani pake, yeye amelala kama gogo, nikamwona mbinafsi, nikanuna wiki nzima. Halafu Ijumaa ya tarehe 19 Agosti 2022 ukurasa ukatoka, ameipa baa ya juu ya matairi glasi tano, ameandika kwamba gita lililia kama mtu anayeomba msamaha. Mji mzima ukacheka, kwa sababu siku ile mpiga gita alikuwa amesusa, mwenye baa akaweka santuri, akampandisha jukwaani mpwa wake ashike gita ambalo waya wake ulikuwa unaning'inia haujachomekwa popote, kila mteja aliona, na marehemu alikaa pale pale penye spika, akatazama vidole, akaandika alichokiona. Mwenye baa ile yupo kiti cha pili kushoto, alimshukuru kwa kreti mbili, akidhani amemhonga.

Nilimwuliza usoni, akatazama midomo yangu, akanijibu kitu kingine kabisa, nikaelewa. Tarehe 5 Septemba 2022 nilimpeleka kwa daktari wa masikio, kadi hii hapa, ina muhuri, imeandikwa kwamba sikio la kushoto halisikii tena, la kulia linasikia mtu akisema karibu na polepole, chanzo ni kelele kubwa ya miaka mingi, asikae tena karibu na spika, na kwa dawa alizopewa asiguse pombe. Hakugusa. Miaka miwili na miezi mitano hakugusa. Kwenye ile glasi yenye mpini mliyomwona nayo kulikuwa na soda ya tangawizi, rangi yake ni ya bia, mhudumu mmoja tu ndiye alijua na alinyamaza kuliko ninyi nyote. Ninyi mnaokula kiapo kwamba mlilewa naye mpaka wiki iliyopita, mlilewa peke yenu, yeye alikuwa anatikisa kichwa.

Nilimwambia, "Baba Mtoto, waambie ukweli, watakuhurumia." Akaniambia, "Wakiniita mlevi nabaki kazini, mlevi wanampenda. Wakiniita kiziwi, Jumatatu meza yangu ina mtu mwingine." Nikamwambia huo ni ujinga, na leo mbele ya jeneza lake nasema tena ulikuwa ujinga, ila tulikuwa na mtoto wa miezi mitano, nikaufuata ujinga wake.

Kwa hiyo masikio yakawa mimi. Jumatano na Alhamisi saa tisa alasiri, bendi zinapopima vyombo na wateja hawajafika, nilimfunga mtoto mgongoni, masikio yake nimeyaziba kwa pamba na kuyafunika kwa kofia ya sufu, nakaa kiti cha mwisho mlangoni, mbali na hizo spika zenu, nasikiliza nyimbo tatu, naandika, naondoka. Wahudumu walidhani namtafuta mume, mpiga tarumbeta mmoja akaniuliza, "Dada, amekukimbia?" nikamwambia, "Ndiyo, na wewe ungeikimbia hiyo tarumbeta." Nyumbani namwelezea mdomo umekaribia sikio la kulia, na pale maneno yanaposhindwa nampigia kifuani kwa kiganja, mwendo wa ngoma ulivyokuwa, polepole, kisha upesi, anafumba macho, anasema, "Hapo mpiga besi amechelewa," na kweli alikuwa amechelewa. Jioni anakwenda yeye aonekane, na ukurasa nauandika mimi. Kuanzia Septemba 2022 mpaka Ijumaa iliyopita, kurasa mia moja na ishirini na sita, hakuna baa iliyopata glasi tano, mkanung'unika kwamba mzee amekuwa na roho mbaya. Roho mbaya ni mimi. Mkubwa wake wa kazi, uliyemwambia mwaka jana kwamba siku hizi kalamu yake imepevuka, ahsante, nilifurahi, nikaendelea kuosha vyombo.

Jumamosi tarehe 1 Februari 2025, saa nne na robo asubuhi, marehemu alikuwa akivuka barabara mbele ya duka la viatu, ametoka kununua kandambili za mtoto, akagongwa na pikipiki iliyotokea nyuma yake. Mnasema alikuwa amelewa, mmesema hospitalini, mmesema hapa, baba mkubwa ameandika kwa kistaarabu kwamba "alikutwa na ajali kutokana na mazoea yake." Kijana wa pikipiki amesimama kule nyuma, amejificha kwenye nguzo, mnamtazama kama muuaji, alikuja mwenyewe kuniambia, "Dada, nilipiga honi, nikapiga, nikapiga, mzee hata shingo hakugeuza, nilidhani ananidharau." Hakukudharau, kaka. Kijana huyu ndiye aliyembeba marehemu mpaka hospitali ya serikali, ile ile aliyozaliwa, na karatasi ya pili niliyonayo ni ya huko, imeandikwa jeraha la kichwa, imeandikwa hakukutwa na kilevi mwilini. Alifariki Jumanne tarehe 4 Februari 2025, saa tano asubuhi, mkono wangu ukiwa kifuani kwake, napiga polepole, sijui kama ulimfikia.

Nilinyamaza kwa sababu yeye alitaka ninyamaze, nikaacha mseme mlevi, mseme mke wa baa, nilidhani maneno hayana meno. Sasa mnataka kumchukua mtoto kwa maneno hayo hayo. Mama, wewe uliyemwona akifungwa macho kwa kitambaa ili baba yake amjaribu, wewe unajua masikio yale yalikuwa na thamani gani, nakuogopa, tangu Jumanne sijaweza kukutazama, lakini kadi ya masikio na karatasi ya hospitali nitakuwekea mapajani nikimaliza kusoma, usome wewe kwanza, halafu kikao kikae. Nami nitakuwepo, hata bila kualikwa, na mtoto atakuwa mgongoni kwangu kama alivyozoea.

Kwa niaba ya familia, kama bado nimo, namshukuru daktari wa masikio aliyetunza siri, wauguzi wa wodi ya majeruhi waliomgeuza kila baada ya saa mbili, jirani mshonaji aliyembeba mtoto siku nne, mhudumu wa soda ya tangawizi, wenzake wa chumba cha chini waliochimba kaburi kwa mikono isiyozoea jembe, na kijana wa pikipiki, toka huko nyuma ya nguzo, njoo ushike jeneza upande wa kulia.

Wenye baa, ahsanteni kwa viti. Lile shada la maua mlilolitengeneza kwa umbo la glasi ya bia, lenye povu la maua meupe, lichukueni mrudi nalo, likapambe kaunta. Na hilo gari la mizigo mlilolileta na spika nne, mmesema mtampigia marehemu muziki mpaka udongo utikisike, zimeni. Spika ndizo zilizomla, na tena hatawasikia. Anayetaka kumuaga kwa muziki asogee hapa, aweke kiganja juu ya ubao, apige taratibu, kama mwanawe alivyofanya jana sebuleni, mkasema mtoto hajafundwa, anachezea jeneza. Hakuwa anacheza. Alikuwa anamwita baba yake, kwa namna pekee ambayo baba yake alikuwa akiitika, na niliyemfundisha ni mimi.

Lala, Baba Mtoto, siri yako nimeitoa, unisamehe, nilibaki na cha kuchagua kimoja, siri au mtoto. Pumzika kwa amani na kwa ukimya, ukimya ulikwishauzoea.