Bi Ratiba, Aliyewaambia Wanafunzi Wake Wasirudi

Ndugu, jamaa na majirani, asanteni kwa kufika. Mimi ni mdogo wake marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa. Nimeombwa nisome wasifu wake kwa ufupi. Kwa ufupi sitaweza, lakini nitajitahidi kwenda kwa mpangilio, maana angekuwa hapa angenikatiza na kuniuliza, "Unaanzia wapi na unaishia wapi?"

Dada yetu alizaliwa tarehe 18 Machi 1956, akiwa kifungua mimba wa baba yetu, seremala, na mama yetu, aliyekuwa dobi wa hospitali. Tulizaliwa watatu: yeye, mimi, na kaka yetu kitinda mimba, aliyetutangulia mwaka 2011. Nyinyi mliomjua ukubwani kwa jina la Bi Ratiba hamtaamini, lakini utotoni alikuwa mtu wa kupoteza kila kitu. Kiatu kimoja chini ya kitanda, cha pili uani, na yeye katikati anaimba. Mama alimtuma chumvi akarudi na hadithi ndefu, chumvi hamna. Baba alicheka, mama hakucheka.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1963 na sekondari mwaka 1971. Akili alikuwa nazo, hilo halikuwa na ubishi. Kilichomponza kilitokea mwaka 1974, kwenye mtihani wa mwisho. Karatasi ya hesabu ilikuwa asubuhi. Yeye kichwani mwake aliiweka mchana. Alifika shuleni sare imenyooka kwa pasi, kalamu mbili mfukoni, akakutana na wenzake wanatoka wakilinganisha majibu. Msimamizi akamwambia, "Binti, mtihani umekwisha." Pale hakulia. Alikuja kulia nyumbani, chini ya meza ya useremala, na baba akaendelea kupiga randa polepole bila kumwuliza neno, mpaka alipotoka mwenyewe na vumbi la mbao kichwani. Walimu walisema ni mzembe, wakafunga faili. Hakuna aliyemwambia kwamba kujipanga ni kitu mtu anaweza kufundishwa. Hilo lilimkaa rohoni maisha yake yote.

Mwaka 1976 aliajiriwa kuwa karani katika ofisi ya shule ya sekondari. Dirisha lake lilitazama uwanja, na kila Jumatatu aliwaona walioitwa wazembe wakisimamishwa mbele ya wenzao. Alivumilia mpaka mwaka 1996, akaacha kazi, akafungua mafunzo yake mwenyewe sebuleni kwake. Mimi nilimwambia amepagawa. Sebule yenyewe ilikuwa na meza moja, viti viwili na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Akanijibu, "Vizuri. Hakuna cha kuchungulia."

Hakuwa mwalimu wa somo fulani. Hesabu zenyewe alizisoma pamoja na wanafunzi, na mara nyingi walimwacha nyuma. Kazi yake ilikuwa kumfundisha mtu kujiendesha. Mwanafunzi akiingia siku ya kwanza, hakumwuliza anafeli nini. Alimwuliza analala saa ngapi, na kama amekula. Kisha alimwambia amwage begi lake lote mezani. Jamani, nimeona mabegi yakimwagwa pale! Soksi, maganda ya karanga, barua ya mzazi ambayo haikumfikia mzazi. Hakugomba. Walipanga pamoja, kitu kimoja kimoja, na ratiba ya wiki ikabandikwa ukutani kwa mkono wa mwanafunzi mwenyewe. Ratiba ikimshinda, hawakulaumu mtoto, walipunguza ratiba. Na aliyekata tamaa, aliyekaa mbele ya karatasi tupu machozi yakimlengalenga, alimwambia, "Anza vibaya. Andika mstari mmoja mbovu, tuutengeneze." Kwa neno hilo moja amewavusha watu wengi.

Simu za mkononi zilipokuja, za wanafunzi alizitia kwenye sufuria na kuifunika mpaka kipindi kiishe. Siku moja nimefika kwake nina njaa, nikaikuta sufuria jikoni, nikaitia maji nikawasha jiko bila kuangalia. Sijui nilifikiri nini. Maji yalipoanza kuchemka, sufuria ikalia mlio wa simu mara moja, halafu kimya. Mwenye simu, kijana wa kidato cha tatu, alitoka sebuleni mbio. Dada akasema, "Kaa chini, umebakiza maswali mawili." Simu nikailipa mimi, na mpaka leo nasema kosa lilikuwa la mwenye sufuria.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kila mwanafunzi alikuwa na siku yake ya mwisho. Siku hiyo walibadilishana viti: dada alikaa kiti cha mwanafunzi, mwanafunzi akamfundisha yeye, akampangia na wiki nzima. Akiridhika, alisimama, akafungua mlango, akasema, "Haya, nenda. Nisikuone tena hapa. Nikikuona nitajua umekwama." Alisema anacheka, na wao waliondoka wanacheka. Hicho ndicho kilikuwa cheti chao. Walijisifia mitaani: mimi Bi Ratiba ameniambia asinione tena.

Na kweli hakuwaona. Walimtii, kila mmoja! Wamekuwa wauguzi, madereva, mafundi, walimu, mmoja ni hakimu. Hakimu huyo niliwahi kukutana naye dukani, akaniambia hupita mtaa wa dada kila akitoka kazini na huona taa ya sebuleni. Nikamwuliza mbona hapigi hodi. Akashtuka mtu mzima yule. "Atadhani nimekwama," akasema. Nilirudi nikamsimulia dada nikitegemea atacheka. Alicheka kidogo, kisha akasema, "Kumbe niliwafundisha vizuri mno."

Kuhusu ndoa: tarehe 6 Agosti 1983 aliolewa na fundi wa majokofu, mtu mpole, msikivu, aliyekula chakula chake jikoni ili asisumbue vipindi. Hawakujaliwa mtoto. Wapo humu waliomhoji dada sana juu ya hilo. Leo nawaombea tu. Shemeji alifariki mwaka 2007. Tangu hapo, mwanafunzi wa jioni akishaondoka, dada aliwasha redio jikoni akakaa sebuleni. Hakuwa akisikiliza chochote. Alitaka pawe na sauti ya watu chumba cha pili. Nilimwomba ahamie kwangu, nikamwomba tena. Akasema, "Wakija wataniulizia wapi?" Nikamjibu, "Nani aje, dada? Si uliwafukuza mwenyewe?" Akaenda kupanga viti.

Mwaka jana, mwezi wa Oktoba, alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Daktari alisema moyo umepanuka. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena mwezi wa Mei. Wodini alikuwa na kitanda cha pembeni na kiti kimoja cha wageni, na kiti hicho hakutaka kiwekewe mkoba wala chupa ya chai. Muuguzi akikichukua, alikidai kirudi. Mimi nilikalia ukingo wa kitanda. Kila jioni aliniuliza, "Hakuna aliyeulizia?" Nikamwambia niwapigie simu, hata huyo hakimu tu. Alikataa katakata. "Mtu haitwi," alisema. "Mtu anakuja."

Aliyekuja ni mmoja, kwa sababu alikuwa bado hajaambiwa asirudi. Ni mama mtu mzima, fundi cherehani, ambaye anajiandaa kwa mtihani wa sekondari baada ya kuacha shule zamani sana. Alikuwa akifika wodini na begi lake la vitabu, akikalia kile kiti, wakisoma kwa sauti ya chini. Jumatatu ya wiki iliyopita, tarehe 10 Juni, dada alimwambia, "Leo nifundishe wewe." Hapakuwa na jinsi ya kubadilishana viti, basi fundi alisimama na dada akabaki kitandani. Alimfundisha milinganyo, akampangia na wiki yake: Jumanne kuoga na kukaa kitako dirishani, Jumatano uji na hadithi moja, Alhamisi kumpigia simu mdogo wake bila kugombana naye. Mimi nilikuwepo, nikacheka na kufuta macho.

Alipomaliza, sote tulijua kinachofuata. Fundi alikusanya vitabu vyake, akajiweka sawa, akangoja aambiwe lile neno. Dada alimshika mkono wa blauzi. Akasema, "Kesho uje."

Fundi akauliza, "Kwa somo gani, mwalimu?"

"Hakuna somo. Uje tu tukae."

Dada yetu alifariki alfajiri ya kuamkia Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Mchana, saa ile ile ya kipindi chao, fundi alifika wodini bila begi. Alikuta kitanda kimetandikwa upya. Alikaa kwenye kile kiti mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha, na mimi nikakaa naye. 

Marehemu ameacha mdogo wake mmoja, ambaye ni mimi. Wifi yake, mjane wa kaka yetu. Watoto wanne waliomwita mama mkubwa na shangazi. Na nyinyi wanafunzi wake. Habari zimeenea, tangu juzi simu yangu haipoi, na nimewajua hata kabla hamjajitaja, maana kila mmoja ameanza kwa kuuliza ratiba ya mazishi. Nilijua mtakuja. Nilijua pia mtasimama nyuma kabisa kule langoni, watu wazima na heshima zenu, mkiogopa kuonekana.

Sogeeni mbele. Hakuna atakayedhani mmekwama. Viti hivi vya mbele sijawawekea wakubwa, nimewawekea nyinyi, na Jumamosi sebule yake itakuwa wazi tangu asubuhi. Njooni bila somo. Mje tu tukae.

Na wewe dada, umemaliza kipindi cha mwisho. Redio nimeizima, watu wenyewe wamekuja. Pumzika kwa amani.