Wimbo Uliokatika Mara Kumi na Moja

Mheshimiwa Ofisa Elimu, Mwalimu Mkuu, wazazi, wanangu wanafunzi, na wewe Mama Deki, ambaye leo unastaafu usafi wa shule hii na umekaa meza kuu badala ya kuifuta: nawasalimu nyote.

Kosa letu wengi ni hili: mtoto mwenye usonji akifanya jambo tusilolielewa, tunasema, "Ndivyo alivyo." Nami, daktari wa watoto kwa miaka thelathini na minne, nililifanya kwa mtoto wa shule hii. Fundi cherehani aliyekaa pale aliniletea mjukuu wake. "Daktari, mtoto huwa ananipotea huku yupo." Nikamjibu, "Bibi, ndiyo hali yake hiyo."

Binti yule huvumisha wimbo mmoja kutwa nzima, mithili ya cherehani ya bibi yake. Walimu walichoka, tena kuna wakati akiitwa haitiki, wakamwona mkaidi, ikasemwa ahamishwe. Lakini Mama Deki, akisafisha ukumbi nje ya darasa lake, alikuwa amezoea kuufuata wimbo ule. Siku moja ukakatika katikati. Kimya. Ukaendelea. Ukakatika tena. Mwajua alifanya nini? Alichukua chaki, akachora mstari nyuma ya mlango kila ulipokatika. Kufika mapumziko, mistari kumi na mmoja! Ulipokatika tena akaingia darasani, akamwita, akamgusa bega: macho yametulia mahali pamoja, kope zinacheza, haitiki. Akamrekodi kwa simu.

Mwalimu akamtania, "Mama Deki, siku hizi umekuwa daktari?"

"Sijawa, mwalimu. Ila redio ikikatika, hatusemi ndivyo ilivyo. Tunatazama waya."

Bibi aliponiletea video ile niliinuka kitini. Kilikuwa kifafa, kile kisichomwangusha mtu wala kumtoa povu, na watoto wenye usonji hupata kifafa zaidi kuliko wenzao. Kipimo cha umeme wa ubongo kikathibitisha. Leo binti anatumia dawa, yumo darasani mwake mlemle, na wimbo wake, je, mnausikia? Ni yeye, safu ya pili. Haujakatika tangu nianze kusema.

Mama Deki, kapumzike, umetufundisha kusikiliza. Nanyi nawashukuru kwa masikio yenu. Mkifika nyumbani leo, mtoto akizubaa, mwiteni na mumguse bega. Asipoitika, mrekodini, mumpelekee daktari video aione.